Chai ya wageni baada ya chakula: koleza mapema, punguza kikombeni

Chakula kimekwisha, sahani zimeondolewa, watu wameegemea viti na mazungumzo yamenoga. Saa hiyohiyo ndipo mwenyeji anapopotelea jikoni. Anabandika maji, anatafuta majani, anahesabu vikombe, anachungulia sebuleni kuuliza nani anatumia maziwa, anasahau jibu, anarudi kuuliza tena. Trei inatoka baada ya nusu saa. Mazungumzo yameshapoa, na chai yenyewe haiko sawa: kikombe cha kwanza chepesi kama maji ya kusuuzia, cha mwisho kimekoza hadi ulimi unakauka.

Hapo kosa si la majani. Mwenyeji anapika chai ya watu wanane kwa njia anayopikia chai ya watu wawili. Chai ya wageni wengi ina njia yake, nayo ni rahisi: pika chai nzito kidogo mapema, ichuje, kisha ikutane na maji ya moto ndani ya kikombe, mbele ya mgeni mwenyewe. Hiyo chai nzito nitaiita mkolezo. Ukiwa na buli la mkolezo na birika la maji ya moto, kila mgeni anapata kikombe cha ladha yake, nawe unakaa na watu wako.

Tuanze na hesabu, kwa kuwa ndiyo inayoharibu mengi. Kikombe cha kawaida chenye kisahani hubeba mililita 220 hivi kikijaa pomoni, lakini hakijazwi pomoni. Kinatiwa 180, ili kibebeke bila kumwagika na maziwa yapate nafasi. Baada ya mlo watu hawanywi sana, basi weka kikombe kimoja na nusu kwa kila mgeni. Wageni wanane ni vikombe 12, yaani lita 2 na kidogo.

Kikombe kimoja cha chai nyeusi kinataka majani gramu 2 hadi 2.5. Kwa vikombe 12, gramu 27 zinatosha vizuri. Tafadhali pima kwa mizani ya jikoni ukiwa nayo, maana kijiko kinadanganya. Majani ya punje, yale yaliyokatwakatwa na mashine za CTC (za kuponda, kurarua na kukunja majani), ni mazito: kijiko cha chai kilichojaa ni karibu gramu 3. Majani marefu yaliyosokotwa ni mepesi na yana nafasi katikati, kwa hiyo kijiko kilekile hakifiki hata gramu 2. Mtu akibadilisha aina ya majani bila kubadilisha idadi ya vijiko, chai ya leo haiwezi kufanana na ya jana. Ukitumia vifuko, kimoja kwa kawaida kina gramu 2 hivi, kwa hiyo utahitaji 13. Vifunge nyuzi zao pamoja, uzizungushe kwenye mkono wa buli ili uvitoe vyote kwa mvuto mmoja.

Majani hayo gramu 27 yatie maji mililita 820. Usishangae ukipata pungufu baada ya kuchuja: majani makavu hunywa maji mara tatu ya uzito wake au zaidi, na maji hayo hayarudi. Utabaki na mililita 720 hadi 740 za mkolezo. Kila kikombe kitachukua mililita 60 za mkolezo na 120 za maji ya moto, sehemu moja kwa mbili. Maji ya kupunguzia, basi, ni lita 1 na nusu. Wakiwa wageni wanne gawanya kila kitu kwa mbili. Wakiwa kumi na sita, pika mara mbili kwenye mabuli mawili, usijaribu buli moja kubwa sana, kwa sababu buli la lita mbili likijaa linauchosha mkono, na mkono uliochoka humwaga.

Waonja chai hutumia kipimo cha kimataifa cha ISO 3103: gramu 2 za majani kwa mililita 100 za maji, dakika 6. Kipimo hicho kimewekwa kwa ajili ya kulinganisha majani na kufichua kasoro zake, hakikukusudiwa kuburudisha mtu. Mkolezo wetu ni mzito kuliko hapo, gramu 3.3 kwa mililita 100, kwa hiyo mgeni asije akajimiminia akidhani ni chai ya kawaida. Weka buli karibu yako.

Sasa namna ya kuupika. Wageni wakiwa wanamalizia chakula, bandika maji. Birika la umeme la wati 2,000 huchemsha lita 1.7 kwa dakika kama 5. Juu ya jiko la gesi inaweza kuchukua mara mbili ya hapo au zaidi, ikitegemea moto na sufuria. Maji ya kwanza yanayochemka yapeleke kwenye buli tupu, kiasi cha glasi moja, lizungushe kisha uyamwage. Buli baridi la kauri hunyonya joto kweli kweli: maji yaliyoingia yakiwa yanatokota yanaweza kuanguka nyuzi kumi au zaidi kabla majani hayajaanza kazi, na chai nyeusi inataka nyuzi 95 hadi 100. Ukiwa mahali pa mwinuko mkubwa, maji huchemka kwa nyuzi pungufu, takriban nyuzi 1 kwa kila mita 300 za kupanda. Kwenye mita 2,000 yanachemka kwa nyuzi 93 hivi. Huko kupasha buli ni lazima, na uongeze dakika moja ya kusubiri.

Tia majani, mimina maji, funika, anza kuhesabu. Majani ya punje yanataka dakika 4, marefu dakika 5 hadi 6. Koroga mara moja katikati, taratibu. Muda ukitimia chuja yote kwenye buli la pili lililopashwa, ukatupe majani. Buli la pili ukikosa, tumia chupa ya chai. Kuyaacha majani ndani ya buli "ili chai ikolee" ndiyo dhambi kubwa ya chai ya wageni. Dakika za mwanzo hutoa kafeini, harufu na ule utamu laini. Baadaye hivyo vinapungua, lakini tanini na jamaa zake wanaendelea kutoka, na hao ndio wanaoleta ukakasi. Chai iliyokaa na majani dakika ishirini haijakolea, imekazana tu. Ukitaka chai nzito ongeza majani, usiongeze dakika. Na vifuko usivikamue: yale matone ya mwisho ndiyo makali kuliko yote.

Mkolezo uliochujwa ni mvumilivu. Unaweza kuupika nusu saa kabla na usiharibike, na hata ukipoa kikombe hakipoi nao. Piga hesabu: mililita 60 za mkolezo wa nyuzi 50 zikikutana na mililita 120 za maji ya nyuzi 92, mchanganyiko ni nyuzi 78. Kikombe chenyewe kitanyonya nyuzi nane au tisa, na mgeni anapokea chai ya nyuzi kama 70, ambayo bado inabidi aisubiri kidogo. Ndiyo maana nguvu zako zote za kutunza joto zielekeze kwenye maji, usihangaike na mkolezo. Maji yakae kwenye chupa ya chai iliyosuuzwa kwanza kwa maji yanayochemka, au kwenye birika unaloweza kuliwasha tena kwa dakika moja.

Ukiona mkolezo uliopoa umefanya wingu, haujaharibika. Kafeini na rangi za chai hushikana zikipoa na kufanya ukungu, hasa chai ikiwa nzito na ya majani mazuri. Maji ya moto yakiingia, ukungu unayeyuka na rangi inarudi kung'aa.

Kuhusu maji kuna imani moja ambayo ningependa iachwe: kwamba maji yaliyochemshwa mara mbili hayafai kwa sababu yameishiwa oksijeni. Maji yanayotokota hayana oksijeni ya kutajika, yawe yamechemka mara ya kwanza au ya tano. Kinachofaa kuogopwa ni maji yaliyolala kwenye birika tangu asubuhi, yakachukua harufu ya chuma au ya plastiki, na birika lenye magamba meupe ndani. Magamba hayo ni chokaa. Chemsha humo maji yenye siki, siki robo kwa maji robo tatu, acha yakae nusu saa, kisha suuza mara mbili. Fanya hivyo siku moja kabla ya wageni, maana harufu ya siki kwenye chai haifichiki.

Chokaa hiyohiyo ndiyo inayoleta utando wa kahawia unaoelea juu ya chai na kuacha duara ndani ya kikombe. Kalisi iliyo ndani ya maji magumu hukutana na viini vya chai pamoja na hewa pale juu, utando unajengeka, na maziwa huuongeza. Wengi hudhani vikombe havikuoshwa vizuri, wakaona haya mbele ya wageni bila sababu. Dawa yake ni kuchemsha maji kwa dakika kadhaa, kuyaacha yatulie chokaa ishuke chini, kisha kuyamimina taratibu na kuyachemsha upya. Maji yaliyochujwa kwa kichujio cha kuondoa chokaa yanafaa zaidi. Tone la limau huuondoa utando papo hapo, ila kikombe hicho kisitiwe maziwa.

Limau na maziwa ni maadui. Protini ya maziwa huganda uchachu ukifika pH ya 4.6 hivi, na kipande cha limau kwenye kikombe cha maziwa kinaweza kufika huko kwa sekunde. Kwa hiyo kwenye trei usiviweke jirani. Limau likatwe vipande vyembamba, mbegu zitolewe, liwe na kisahani chake na uma mdogo. Mgeni akilitia kwenye chai ataona rangi imefifia kuwa ya dhahabu. Nguvu ya chai haijapungua, ni rangi za chai tu zinazobadilika zikikutana na tindikali.

Kuna ugomvi wa zamani kuhusu maziwa yaanze au chai ianze. Kwa wageni jibu langu ni moja: chai ianze. Si kwa sababu ya ladha, ni kwa sababu huwezi kujua kikombe kimekoza kiasi gani kama maziwa yameshafunika rangi. Weka maziwa mililita 30 kwa kikombe, na uandae nusu lita kwa wageni wanane hata kama watatu watakataa, kwa sababu wapo wanaopenda mengi. Yasitoke kwenye jokofu moja kwa moja. Yapashe hadi yawe vuguvugu, yasichemke, maana maziwa yaliyochemka yana harufu ya kupikwa inayoimeza chai. Maziwa yaliyokaribia kuchacha huonekana mazima kwenye jagi, ila yakigusa chai ya moto yanakatika mabonge. Yajaribu jikoni kwanza: kijiko kimoja cha maziwa kwenye nusu kikombe cha chai ya moto, subiri dakika moja, tazama. Maziwa ya soya yana tabia hiyo hata yakiwa mapya, hivyo yapashe vizuri na chai ipoe kidogo kabla ya kukutana.

Na wanaotaka chai iliyopikwa pamoja na maziwa? Hiyo ni chai nyingine, na mkolezo hauiwezi. Ipike kwenye sufuria yake. Kwa lita 2, tumia maji lita 1.2, maziwa mililita 800 na majani gramu 25 hadi 30. Majani yachemke na maji peke yake kwanza, dakika 3 au 4, halafu maziwa. Ukianza na maziwa, protini zake hushikana na viini vya chai na majani hayatoi rangi vizuri, nawe utalazimika kuongeza majani na bado chai iwe hafifu. Sufuria iwe kubwa mara mbili ya chai iliyomo. Maziwa yakishapanda hayasubiri mtu aliyekwenda sebuleni kumwitikia mgeni.

Ukitia tangawizi mbichi hapo, kuwa makini. Tangawizi ina kimeng'enya kinachokata protini za maziwa, na kinafanya kazi kwa bidii kwenye nyuzi 60 hadi 70. Ukiitia tangawizi iliyopondwa kwenye maziwa yanayopanda joto polepole, inapata muda wote wa kuyakata, na utaona vipande vidogo vyeupe vinaelea kama mtindi uliovurugwa. Watu hulaumu maziwa. Kinga yake ni kuichemsha tangawizi na maji dakika 5 nzima kabla ya kitu kingine chochote. Joto la kutokota linakiua kimeng'enya, ladha inabaki. Gramu 30 za tangawizi zilizopondwa zinatosha lita 2. Iliki nayo ichemke hapohapo mwanzoni, maganda yakiwa yamepasuliwa.

Chai hii ya maziwa usiifungie kwenye chupa usiku kucha. Ikishuka chini ya nyuzi 60 ni maziwa vuguvugu yaliyofunikwa, mahali ambapo vijidudu hustawi. Pika kiasi cha kuisha.

Chai ya kijani inataka mkono mwingine kabisa. Maji yanayotokota huiunguza na kuifanya chungu, kwa hiyo mkolezo wa kijani haufai. Ipikie kwenye buli dogo, gramu 2 kwa kikombe, nyuzi 75 hadi 80, dakika 2 au 3. Bila kipimajoto, changanya vikombe vitatu vya maji yanayotokota na kimoja cha maji ya kawaida: unapata nyuzi 80 na kidogo. Maji yaingie buli yakiwa yameshachanganywa, usitie ya moto kwanza juu ya majani na kuyapoza baadaye.

Muda wa kuitoa chai una uzito wake. Usiilete sahani zikiwa bado mezani. Viini vya chai hushika madini ya chuma yaliyomo kwenye nafaka, kunde na mboga, mwili ukayapata kwa kiasi kidogo tu. Kuisubirisha chai saa moja baada ya kula kunapunguza madhara hayo. Kwa mgeni mwenye upungufu wa damu au mjamzito hilo si jambo dogo. Kwa wengine, robo saa hadi nusu saa baada ya kuondoa sahani inapendeza. Tumbo limetulia, na watu wameanza kutazamana kama wanaosubiri kitu.

Kafeini pia ifikirie, kwa kuwa chai hii hunywewa usiku. Kikombe cha mililita 180 cha chai nyeusi kina miligramu 30 hadi 40 hivi, na mwili wa mtu mzima huchukua saa kama tano kuondoa nusu yake. Kilichonywewa saa tatu usiku, nusu yake bado inazunguka mwilini saa nane. Chai ya kijani na chai nyeupe zina kafeini pia, usimpe mgeni asiyelala vizuri ukidhani umemwokoa. Zisizo nayo ni za mimea mingine: mnanaa, kamomili, mchaichai, rosela, rooibos. Hizi hazina adabu ya kuogopa maji ya moto: zitie yanayotokota, funika dakika 5 hadi 7, kifuniko kibaki juu kwa kuwa harufu ndiyo mali yake. Rosela ni chachu, isikutane na maziwa. Kwa wajawazito, Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya (EFSA) mwaka 2015 ilitaja miligramu 200 za kafeini kwa siku kuwa kiwango kisichotia wasiwasi. Kikombe kimoja hakifiki hapo, lakini huenda ana kahawa ya asubuhi na soda ya mchana kwenye hesabu. Weka buli dogo la mnanaa hata kama hakuna aliyeomba. Kila mara yupo anayelifurahia.

Sasa trei. Vikombe vinane na visahani vyake ni karibu kilo 3, na buli la lita moja lililojaa ni kilo 2 nyingine. Usibebe vyote kwa safari moja. Vikombe, sukari, maziwa na limau vitangulie. Buli na maji ya moto vije mwisho. Tandika kitambaa kilicholowa kidogo na kukamuliwa chini ya buli, halitelezi. Kila kikombe mkono wake uelekee kulia kwa mgeni, kijiko nyuma ya kikombe juu ya kisahani. Bakuli la sukari liwe na kijiko chake ambacho hakigusi chai, maana kijiko kimoja chenye majimaji kinatosha kugeuza sukari kuwa mabonge. Na kiwepo kisahani kitupu cha vijiko vilivyotumika. Kitu hiki kidogo husahaulika, kisha kitambaa cha meza ndicho kinacholipa.

Uliza kwa maneno machache: "Nyepesi, ya wastani, au iliyokoza?" Nyepesi ni mililita 40 za mkolezo, wastani 60, iliyokoza 80, kisha maji hadi kimo cha 180, ukipunguza kidogo kwa anayetaka maziwa. Huna haja ya kupima mbele ya watu. Pima mara moja jikoni kwa kikombe kimojawapo cha seti hiyo, uone 60 inafika wapi kwenye ua au mstari wa ndani, ukariri. Anza na mkubwa wao kwa umri, na usimimine chai kikombe kikiwa mkononi mwa mtu. Kiwe juu ya meza au trei, ujaze, ndipo umpe na kisahani chake. Usikipitishe juu ya mapaja ya mwingine, na watoto wakiwepo, buli likae katikati ya meza, mbali na ukingo wa kitambaa wanachoweza kukivuta. Kimiminika cha nyuzi 60 huunguza ngozi ya mtu mzima vibaya kwa sekunde kama 5, ya mtoto kwa muda mfupi zaidi. Na haraka ya kunywa haifai hata kwa mkubwa: mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani la IARC liliviweka vinywaji vinavyonywewa vikiwa juu ya nyuzi 65 kwenye kundi la vile ambavyo huenda vikasababisha saratani. Mwache mgeni azungumze, chai itamsubiri.

Buli linalodondosha chai kwenye kitambaa baada ya kila kikombe si la kutupwa. Chai ikimiminwa polepole hushikamana na chini ya mdomo wa buli, ikapinda na kufuata shingo badala ya kuanguka. Mwaka 1956 mwanasayansi Markus Reiner aliwaandikia wanafizikia kuhusu jambo hilo na kuliita athari ya buli. Inamisha kwa uthabiti, mkondo uwe mnene, kisha rudisha kwa mkato mmoja wa haraka. Siagi kidogo sana ikipakwa chini ya ukingo wa mdomo, chai hukosa pa kushika. Buli lisijazwe kupita robo tatu, na tundu la kifuniko lisizibe, kwani hewa ikikosa pa kuingilia chai hutoka kwa kukoroma na kuruka.

Ukitumia glasi badala ya vikombe, weka kijiko cha chuma ndani na uanze na mmiminiko mdogo ili glasi ipashike. Glasi nene hupasuka kirahisi kuliko nyembamba, kwa kuwa ndani hutanuka kabla nje hakujapata habari. Glasi iliyotoka kwenye jokofu isiguswe kabisa.

Raundi ya pili usiitangaze. Tazama vikombe: vikifika theluthi ya chini, pasha maji upya, pita na birika na mkolezo uliobaki. Hapa ndipo njia hii inapolipa kuliko zote, kwa maana mgeni anayetaka nusu kikombe anapata nusu kikombe cha moto, na buli halina majani yaliyochemkia humo saa nzima.

Chai ikimwagikia kitambaa, kausha kwa kugandamiza, usisugue, kisha upitishe maji baridi kutoka upande wa nyuma. Vikombe visuuzwe usiku huohuo hata kama vitaoshwa asubuhi. Rangi ya chai iliyokaukia kauri itataka magadi kidogo kwenye kitambaa chenye unyevu na dakika za kusugua; iliyo mbichi hutoka kwa maji tu. Buli lisuuze kwa maji ya moto, likaushe vizuri, ulihifadhi bila kifuniko juu yake. Likifungwa na unyevu ndani linaota harufu ya uvundo, na harufu hiyo ndiyo itakayowatangulia wageni wajao mdomoni mwa buli.